Maana ya neno «kujisalimisha»



Katika mazungumzo haya ya amani tumezoea kuzungumza juu ya watu: chifu, askari, mchimbaji, mkimbizi. Leo tutazungumza juu ya neno moja, nalo ni kujisalimisha. Kila mmoja wetu amelisikia katika habari: «Waasi kadhaa wamejisalimisha mbele ya jeshi.» Tunalisikia, tunaendelea na kazi zetu. Lakini ndani ya neno hilo kuna uhai wa watu. Likieleweka vizuri, kijana aliye porini anaweza kurudi nyumbani akiwa mzima. Likieleweka vibaya, anauawa akiwa ameinua mikono, au anabaki porini miaka kumi mingine, na sisi wengine tunazidi kuzikana. Kwa hiyo inafaa tujiulize: neno hili linasema nini? Sheria inalipa nguvu gani? Na hapa kwetu, katika nchi hii ya shaba, limetumiwaje?

1. Neno lenyewe

Mzizi wa neno hili umetoka katika lugha ya Kiarabu, na ni mzizi uleule wa neno salama. Kutoka mzizi huo Kiswahili kimepata maneno mengi: salamu, kusalimia, kusalimika, kusalimisha. Lori likipinduka katika njia ya Likasi na abiria mmoja akatoka bila jeraha, tunasema amesalimika. Mtu akitumwa na mzigo akaufikisha na kuuweka mikononi mwa mwenyewe, ameusalimisha; maana yake ameukabidhi. Sasa weka ile silabi ndogo ji katikati: kujisalimisha. Anayekabidhi ni mtu, na kinachokabidhiwa ni mtu yuleyule. Amejichukua mwenyewe na kujiweka mikononi mwa mwingine.

Angalia basi jambo hili. Mzigo haukabidhiwi hewani, lazima awepo wa kuupokea. Vivyo hivyo hakuna kujisalimisha kwa mtu mmoja peke yake. Ndiyo maana tunasema «amejisalimisha kwa»: kwa jeshi, kwa polisi, kwa chifu. Mwenye kujitoa yuko upande huu, mwenye kupokea yuko upande ule, na kati yao kuna ahadi, hata kama haikutamkwa kwa kinywa. Wa kwanza anasema: sitakupiga tena. Wa pili anasema: basi, na mimi sitakuua.

Kuna pia usemi wa kusalimu amri. Huo tunautumia zaidi kwa jeshi zima, kwa mji, au kwa serikali iliyokubali amri ya mwenye nguvu. Na kuna kusalimisha silaha, yaani kukabidhi bunduki na risasi. Mtu anaweza kusalimisha bunduki moja na kuficha nyingine tatu chini ya ardhi. Huyo amesalimisha silaha, lakini yeye mwenyewe bado hajajisalimisha.

Hapa kwetu Katanga, katika maneno ya kila siku, watu husema «amejipana», au «amejitoa», au «ameinua mikono». Yote yanaeleweka. Tuwe tu waangalifu na kujitoa, kwa sababu mtu anaweza pia kujitoa katika chama au katika kwaya bila kuwa na shida na mtu yeyote. Neno likiandikwa katika barua ya kupeleka kwa wakubwa, au likitangazwa redioni, afadhali liwe kujisalimisha.

2. Majirani wa neno hili

Ugomvi mwingi hutokea kwa sababu tunachanganya maneno yanayokaa jirani. Tuyatenganishe.

Kushindwa ni jambo moja, na kujisalimisha ni jingine. Aliyeshindwa anaweza kukimbia, akajipanga, akarudi. Na mwingine hajashindwa hata kidogo, ana risasi za kutosha, lakini amechoka kumwaga damu na akaja.

Kukamatwa na kutekwa si kujisalimisha. Mchimbaji anayekutwa ndani ya eneo la kampuni ya madini, akasukumwa na polisi mpaka garini, amekamatwa. Msiseme amejisalimisha, kwa sababu kwa kusema hivyo mmeshamfanya kuwa adui wa vita, na yeye ni raia anayetafuta chakula. Kama amevunja sheria ya madini, ashitakiwe kwa sheria ya madini.

Kurudi pia si kujisalimisha. Familia zilizokimbia kijiji wakati wa mapigano, zikalala msituni miezi mitatu, kisha zikatoka na watoto na masufuria yao, hizo zimerudi. Wakati mwingine mkubwa fulani huwahesabu watu wa namna hii pamoja na waasi waliojitoa, ili hesabu yake iwe kubwa. Ni hatari, kwa sababu majina ya raia yanabaki katika kitabu cha waasi, na siku moja mtu atakuja kuyasoma.

Kukiri ni neno jingine tena. Mtu akijisalimisha hajakiri kosa lolote. Amekubali kuacha kupigana, basi. Kama kuna mashitaka, hakimu ndiye atakayeamua. Kifungu cha 17 cha Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2 mwaka 2006 kinasema kwamba kila mshitakiwa ahesabiwe hana hatia mpaka hukumu ya mwisho itakapotolewa.

Na mwisho kuna kusaliti. Kwa sikio maneno haya yanafanana, lakini hayana undugu. Kusaliti ni kuwauza wenzako. Wakubwa wa vikundi vya porini wanapenda kuyachanganya kwa makusudi, wanamwambia kijana, «ukijisalimisha umetusaliti, na msaliti anauawa.» Mzazi mwenye mtoto huko alijue jambo hili, kwa maana mara nyingi ndilo linalomfunga mtoto wake kuliko kamba.

3. Sheria inasema nini

Watu wengi wanafikiri kwamba katika vita hakuna sheria. Sheria ipo, na katika jambo hili imeandikwa wazi kabisa.

Kwanza, kuna Mikataba ya Geneva ya mwaka 1949, ambayo nchi yetu imeshikamana nayo tangu mwaka 1961. Kifungu cha 3, kinachopatikana katika mikataba yote minne, kinahusu vita vya ndani ya nchi, yaani namna ya vita ambayo sisi tunaijua zaidi. Kinasema kwamba wapiganaji walioweka silaha chini, pamoja na wagonjwa, majeruhi na waliokamatwa, watendewe kibinadamu bila ubaguzi. Ni marufuku kuwaua, kuwakata viungo, kuwatesa, kuwadhalilisha, na kuwapa adhabu ya kifo bila hukumu ya mahakama halali.

Pili, kuna maandiko mawili ya nyongeza ya mwaka 1977. Lile la kwanza, linalohusu vita kati ya mataifa, linakataza kumshambulia mtu aliyeonyesha wazi kwamba anataka kujisalimisha. Linakataza pia kutoa amri ya kwamba asibaki hata mmoja hai; na lile la pili, la vita vya ndani, linarudia katazo hilo la amri. Askari mwenye kusikia amri kama hiyo ajue kwamba amri yenyewe ni kosa.

Lakini sheria haimwangalii anayepokea peke yake. Andiko lile la kwanza linakataza pia kuinua mikono au bendera nyeupe kwa hila, ili adui akaribie apigwe. Kwa nini? Kwa sababu siku moja ukifanya hivyo, kesho yake askari hataamini tena mikono ya mtu yeyote. Aliyedanganya ameua ndugu zake watakaoinua mikono kwa kweli.

Tatu, nchi yetu iliridhia mkataba wa Roma wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai mwaka 2002, na kwa sheria ya tarehe 31 mwezi wa 12 mwaka 2015 makosa yale yakaingizwa katika kitabu chetu wenyewe cha makosa ya jinai. Kumwua mtu aliyeweka silaha chini ni uhalifu wa vita. Kosa hilo halifutwi na miaka kupita.

Nne, aliyejisalimisha akiwekwa kizuizini, Katiba inamlinda kama mtu mwingine. Kifungu cha 18 kinataka aelezwe sababu mara moja, katika lugha anayoisikia. Aweze kuwasiliana na familia yake na wakili. Na asikae mikononi mwa polisi zaidi ya saa 48 bila kuachiliwa au kupelekwa mbele ya wakubwa wa sheria wanaohusika.

Tano, watoto. Sheria ya tarehe 10 mwezi wa 1 mwaka 2009 juu ya ulinzi wa mtoto inamhesabu kuwa mtoto kila asiyefikisha miaka 18, na inakataza kumwingiza katika jeshi au kikundi cha silaha. Kwa hiyo mtoto akitoka porini na bunduki, kwanza ni mtu aliyeibiwa utoto wake. Hapelekwi katika gereza la wakubwa.

4. Likasi, mwaka 1961: je, ni aibu?

Sasa tutoke katika vitabu, tuende katika historia ya barabara yetu hii hii ya shaba.

Mwezi wa 9 mwaka 1961, wakati wa kujitenga kwa Katanga, kikosi cha askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa, watu kama 155, kilikuwa Jadotville, mji ambao leo ni Likasi. Kiongozi wao aliitwa Pat Quinlan. Walizungukwa na jandarmeri wa Katanga pamoja na mamluki, wakapigana siku kadhaa. Msaada uliotumwa haukuweza kuwafikia. Maji yakaisha, risasi zikaisha. Tarehe 17 mwezi wa 9 wakasalimu amri. Wapo waliojeruhiwa, lakini hakufa hata mmoja wao. Walishikwa zaidi ya mwezi mmoja, kisha wakaachiliwa mwezi wa 10, wakarudi wote nyumbani.

Tupime pande zote mbili. Quinlan alikuwa na watu zaidi ya mia moja mikononi mwake. Angeweza kusema «tupigane mpaka wa mwisho», na familia zote zile zingepokea barua za msiba. Na wale waliowashika, watu wa Katanga, waliwaweka hai. Ahadi ya neno lile ilitimizwa.

Ajabu ni kwamba aibu iliwangoja kwao. Kwa miaka mingi wanajeshi wale walionekana kama watu waliochafua jina la jeshi, na wengi walinyamaza mpaka uzee. Ilifika mwaka 2016 ndipo serikali ya Ireland ikakipa kikosi kizima heshima rasmi. Quinlan mwenyewe alikuwa ameshakufa. Ninalitaja jambo hili kwa sababu hata hapa kwetu tunawacheka vijana wanaotoka porini. «Mwoga», «mwanamke», «alikwenda simba akarudi kuku». Yaya au mama anayemcheka kijana wa namna hiyo ajiulize kama anapenda zaidi kumwona amerudi, au kuletewa habari ya kaburi lisilojulikana lilipo.

5. Kolwezi, mwaka 1963: kazi iliyobaki nusu

Mji wetu wa Kolwezi una nafasi ya pekee katika hadithi hii. Mwishoni mwa mwaka 1962 askari wa Umoja wa Mataifa walianza kusonga mbele. Mwanzoni mwa mwezi wa 1 mwaka 1963 waliingia Jadotville. Moïse Tshombe, mawaziri wake na sehemu kubwa ya jeshi lake walikuwa wamekusanyika Kolwezi. Kulikuwa na tishio la kulipua mabwawa ya umeme ya Delcommune na Le Marinel, yale tunayoyaita leo Nzilo na Nseke. Yangelipuliwa, migodi ingezimika, na watu wengi wangepata taabu kwa miaka mingi.

Tarehe 14 mwezi wa 1 Tshombe na mawaziri wake walitangaza kwamba wako tayari kumaliza kujitenga na kuacha askari wa Umoja wa Mataifa wapite popote. Waliomba jambo moja: ule msamaha ulioahidiwa na serikali ya Léopoldville uheshimiwe, kwa wao na kwa watumishi wao. Rais Kasavubu na waziri mkuu Adoula wakathibitisha ahadi hiyo. Tarehe 21 mwezi wa 1 askari wa Umoja wa Mataifa wakaingia Kolwezi bila mapigano, na mabwawa yakabaki mazima. Wazee wetu waliolala usiku ule bila kusikia mabomu wana haki ya kushukuru.

Lakini tuulize: nani alisalimu amri? Wakubwa. Na wale jandarmeri, maelfu ya vijana waliopewa bunduki, nani aliwapokea? Waliambiwa waje wajiandikishe, waingie katika jeshi la taifa. Wengi hawakuonekana. Waliogopa. Wengine walirudi vijijini na bunduki zao, na wengine wakavuka mpaka na mamluki kuingia Angola kwa njia ya Dilolo. Msamaha ulikuwa umesemwa kwa wakubwa. Kwa askari mdogo hapakuwa na mkono alioweza kuuona na kuuamini.

Yaliyofuata mnayajua. Baadhi yao waliitwa tena mwaka 1964, Tshombe alipokuwa waziri mkuu. Wakaasi Kisangani mwaka 1966, wakaasi tena mwaka 1967. Mwaka 1968 huko Angola ilizaliwa FLNC ya Nathanaël Mbumba, na wengi wa watu wake walikuwa jandarmeri wa zamani. Mwezi wa 3 mwaka 1977 wakaingia Shaba, wakafika mpaka Mutshatsha. Walipofukuzwa, raia maelfu wakakimbilia Angola. Tarehe 13 mwezi wa 5 mwaka 1978 wakaingia hapa Kolwezi kwenyewe. Tarehe 19 askari wa Ufaransa wakashuka kwa parashuti. Mamia ya watu walikufa katika siku zile, weusi na weupe, na wengi wao hawakuwa wameshika hata kisu. Na mwaka 1997 baadhi ya Tigres hao, pamoja na watoto waliozaliwa ugenini, waliingia tena nchini, safari hii pamoja na AFDL.

Hesabuni wenyewe: kutoka 1963 mpaka 1997 ni miaka 34. Sisemi kwamba sababu ya vita hivyo vyote ilikuwa moja. Kulikuwa na udikteta, kulikuwa na shaba yenyewe, kulikuwa na mashindano ya mataifa makubwa. Lakini mtu aliyeachwa mpakani na bunduki yake, bila wa kumpokea, ni mtu ambaye yeyote mwenye vita vyake anaweza kumwajiri.

6. Ahadi iliyovunjwa, na mlango ulioachwa wazi mno

Kwa nini askari mdogo anaogopa? Anaogopa kwa sababu ana kumbukumbu. Mwaka 1968 Pierre Mulele, aliyekuwa waziri wa elimu katika serikali ya Lumumba na baadaye kiongozi wa uasi wa Kwilu, alikuwa Brazzaville. Aliahidiwa msamaha. Mwishoni mwa mwezi wa 9 akavuka mto, akapokelewa Kinshasa kwa heshima. Mwezi wa 10 aliuawa, baada ya mateso makali. Siku ile hakufa Mulele peke yake, neno msamaha nalo lilipigwa vibaya. Miaka mingi baadaye, kijana wa porini akiambiwa «njoo, hutaguswa», anajibu: «Na Mulele je?» Wahenga walisema ahadi ni deni. Deni la serikali huwa linalipwa na raia.

Sasa tuangalie kosa la upande mwingine. Katika nchi ya Mitwaba, Manono na Pweto, ile tuliyoiita pembetatu ya kifo, vijiji viliteswa na kundi la Gédéon Kyungu Mutanga. Mwezi wa 5 mwaka 2006 alijisalimisha Mitwaba kwa askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na wapiganaji wake, wakiwemo watoto. Mwezi wa 3 mwaka 2009 mahakama ya kijeshi ilimhukumu adhabu ya kifo huko Kipushi, kwa makosa yakiwemo uhalifu dhidi ya binadamu. Adhabu yenyewe haikutekelezwa, na mwezi wa 9 mwaka 2011 alitoroka katika gereza la Kasapa, Lubumbashi. Vita vikarudi. Mwezi wa 3 mwaka 2013 watu wa Bakata Katanga waliingia Lubumbashi, na zaidi ya 200 kati yao wakajisalimisha ndani ya kambi ya Umoja wa Mataifa. Mwezi wa 10 mwaka 2016 Gédéon alijisalimisha mara ya pili, akapokelewa kwa sherehe na kuwekwa katika nyumba mjini. Mwezi wa 3 mwaka 2020 akatoweka tena.

Mama wa Mitwaba aliyezika watoto wake alijifunza nini? Kwamba kujisalimisha ni safari ya kwenda kupewa nyumba. Na kijana mwenye hasira alijifunza nini? Kwamba ukitaka wakubwa wakujali, shika bunduki kwanza.

Kwa hiyo kuna makosa mawili. Kumwua aliyejisalimisha kunafunga mlango. Kumsamehe yote bila hukumu, mpaka damu ya wanyonge, kunaufanya mlango uwe biashara. Sheria yetu ya msamaha ya tarehe 11 mwezi wa 2 mwaka 2014 ilijaribu kupita katikati. Ilisamehe kosa la uasi, matendo ya vita na makosa ya siasa, na ilimtaka kila mmoja atie sahihi yake kwamba hatarudia. Lakini haikusamehe mauaji ya kimbari, uhalifu wa vita, uhalifu dhidi ya binadamu, ubakaji, wala kuingiza watoto jeshini. Yaani kuishika bunduki dhidi ya serikali kunaweza kusamehewa. Kumbaka binti wa jirani, hapana.

7. Tufanye nini sisi raia

Utasema, «Mwalimu, mimi ni muuza mihogo sokoni, hayo ni mambo ya wakubwa.» Hapana. Mara nyingi mtu wa kwanza kujua kwamba kijana amechoka na pori ni mama yake, dada yake, au katekista wa kijiji. Basi chukua mambo haya sita.

La kwanza: akikutumia habari, usimlete peke yako usiku katika kizuizi cha askari. Mtafute kwanza mtu anayeheshimiwa na pande zote, kama chifu, padri, pasta au imamu, aongee na mkubwa wa jeshi au wa polisi, wakubaliane mahali na saa. Afadhali mchana, mbele ya mashahidi.

La pili: aje mikono ikionekana. Silaha iwekwe chini mbali naye kabla hajakaribia, isibebwe begani. Watu wengi wamekufa kwa sababu askari aliona bunduki kabla ya kuona mikono.

La tatu: mwandike. Jina, umri, siku, mahali, jina la aliyempokea, na hesabu ya silaha, kwa karatasi mbili. Karatasi moja ibaki kwa familia au kwa chifu. Mtu aliyeandikwa si rahisi kupotea.

La nne: kama ni mtoto, sema tangu mwanzo kwamba ni mtoto, na utafute wanaoshughulikia ulinzi wa watoto siku ileile. Mtoto asihojiwe na wanajeshi juu ya siri za vita.

La tano: msimzungushe sokoni avuliwe nguo na kupigwa picha. Huo ni udhalilishaji, nao umekatazwa na kifungu kile cha 3 tulichokisoma. Tena wenzake waliobaki porini wataziona picha hizo.

La sita: walioumizwa naye wasinyamazishwe. Wapelekwe kwa mwendesha mashitaka, wapewe wakili, wasikilizwe. Mtu anaweza kulindwa asiuawe na bado akajibu kwa matendo yake. Mambo hayo mawili yanakwenda pamoja.

Na serikali nayo ina sehemu yake. Miaka ya 2000, kaskazini mwa Katanga, shirika la PAREC la pasta Ngoy Mulunda lilikuwa linampa baiskeli aliyeleta silaha. Wengine walicheka. Lakini mwenye baiskeli anaweza kubeba makaa au mahindi mpaka sokoni, na mwenye bunduki hawezi kula bunduki. Mwaka 2021 serikali iliunda programu mpya ya kupokonya silaha na kuwarudisha wapiganaji katika maisha ya kawaida. Tuiulize maswali: ni nani anayewapokea, wanalala wapi, wanapewa kazi gani, na kijiji kinachowapokea kinapata nini? Wapiganaji wakipewa kila kitu na kijiji walichokichoma kisipate hata bati moja, amani hiyo haitakaa.

Wandugu, nifunge. Kujisalimisha ni neno la watu wawili, mwenye kujitoa na mwenye kupokea, na ndani yake kuna neno salama. Aliyeleta mikono mitupu apate uhai wake. Aliyemwumiza mwenzake ajibu mbele ya hakimu. Na sisi tusikiao habari tuulize kila mara: waliojisalimisha wamepokelewa na nani, na wako wapi leo? Tukiuliza hivyo kila mara, wenye mamlaka watajua kwamba tunaangalia.

Kama una swali, liandike au umwombe mtoto wa shule akuandikie, ulipeleke parokiani, kwa chifu wa kartye au kwa mwalimu aliye karibu nawe, mlijadili pamoja. Mkae salama.